Pweza wa Wells na Kodi ya Nchi Kavu

Mwishoni mwa mwaka 1896 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alitoa hadithi fupi iitwayo "The Sea Raiders", na mwaka uliofuata akaitia katika mkusanyo wake wa The Plattner Story and Others. Katika daftari langu nimeipa jina la "Wavamizi kutoka Baharini", jina ambalo silipendi lakini sijapata jingine. Bwana mmoja aitwaye Fison, mfanyabiashara wa chai aliyestaafu, anatembea juu ya magenge ya pwani ya Devon, baina ya mji wa Sidmouth na ghuba ya Ladram. Chini yake, juu ya mwamba uliofunuliwa na maji, anaona kitu chenye rangi ya waridi na ndege wakikizunguka. Anashuka. Anapokaribia anatambua kuwa ni mwili wa mtu unaoliwa, na wanaoula ni viumbe mfano wa pweza, kiwiliwili cha kila mmoja ni kama cha nguruwe, macho yao ni makubwa na yana akili. Anawapigia kelele, anawatupia mawe. Hawakimbii. Wanamgeukia, wanaanza kumjia juu ya mawe.

Mpenzi wa hadithi za kutisha atasema kuwa haya ni mambo ya kawaida, na hakosei. Kilichonivuta mimi ni kwamba Wells hakulitaka zimwi. Alimtaka mnyama. Akampa jina la Kilatini, Haploteuthis ferox, na akamtafutia ushahidi wa kubuni: kipande cha mnyiri kilichopatikana karibu na visiwa vya Azores, na mzoga ulioliwa nusu na samaki na ndege, uliookotwa karibu na Land's End. Msimulizi wake haapi wala hatetemeki. Anaandika kama karani wa makumbusho. Wells alisomea elimu ya viumbe London chini ya mwalimu T. H. Huxley, na elimu hiyo inaonekana katika kila sentensi. Mwindaji wa baharini anayetoka majini kumfuata mtu nchi kavu alikuwapo katika ngano za mataifa mengi kabla yake, ila aghalabu akija kama jini au shetani. Kwa Wells anakuja kama samaki wa sokoni, wa kupimwa na kupewa jina.

Mimi sikusoma fasihi katika chuo chochote. Kiingereza nilikipata kwa redio na kwa kamusi iliyokosa kurasa za herufi W, na hata leo nikikutana na neno linaloanza na herufi hiyo nahisi kama nakanyaga shimo. Nataja jambo hili ili msomaji ajue kwamba uhakiki wangu ni wa mtu anayetafsiri. Mfasiri hasomi kama wengine. Husoma kama fundi anayeivunja nyumba ya mwenziwe tofali kwa tofali ili aijenge kiwanja kingine, na katika kuivunja huona ni wapi saruji ilikuwa pungufu.

Nilianza kuitafsiri hadithi hii mwezi wa Machi 2011. Kazi ilikwenda polepole, kwa kuwa hakuna aliyeniagiza. Karibu na mwisho pana mahali ambapo msimulizi anajaribu kueleza kwa nini viumbe wa kilindini walifika pwani. Moja kati ya dhana zake ni hii: huenda meli ilizama katikati ya kundi lao, wakaonja nyama ya binadamu, wakaizoea, kisha wakaja kuitafuta inakopatikana. Mahali hapo nilipafikia mwezi wa Septemba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 mwezi huo meli ya MV Spice Islander ilizama ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Sina haja ya kumsimulia msomaji wa jarida hili habari za usiku ule na asubuhi yake. Kila mmoja wetu anajua alikuwa wapi, na wengi wanajua walikuwa wanamngoja nani. Nililifunga daftari. Sikulifungua kwa miaka minane.

Nilipolifungua, mwaka 2019, nilifanya jambo ambalo nawashauri wafasiri wote walifanye: niliisoma kazi yangu mbele ya mtu anayekijua kitu chenyewe. Shangazi yangu anaishi upande wa mashariki wa Unguja, na amechokoa pweza tangu kabla sijazaliwa. Siku hizi magoti hayamruhusu tena kushuka pwani, hivyo alikuwa na wasaa. Nilimkuta barazani baada ya alasiri akisuka ukili, nikamwamkia, nikasoma mpaka pale Fison anapokimbilia genge. Akanyanyua mkono kunisimamisha.

"Mwanangu, maji yalikuwa wapi?"

"Yamekupwa, shangazi."

"Yamekupwa kwa bamvua au ni maji mafu?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kumuuliza Wells swali hilo.

"Na hao pweza wako kwenye kavu au kwenye maji?"

"Juu ya mawe, shangazi. Wanatambaa."

Alicheka mpaka ukili ukamponyoka. "Basi huyo bwana alikuwa na haraka ya nini? Angekaa kitako akawangoja. Pweza mkubwa kiasi hicho kwenye kavu si adui, ni kitoweo."

Nimeusoma uhakiki mwingi wa Wells, ulioandikwa na watu wenye shahada nyingi, na sikumbuki kuona ndani yake sentensi iliyonisaidia kama hii. Shangazi hakuhoji kama kiumbe huyo yupo au hayupo. Hilo halikumshughulisha, alikulia katika ngano kama sisi sote. Alihoji hesabu. Mwindaji wa baharini anapoingia nchi kavu, nchi kavu humtoza kodi, na yeye alitaka kuona risiti.

Kodi yenyewe ni nzito, na kwa pweza ni nzito kuliko kwa mnyama mwingine yeyote. Hana mfupa hata mmoja. Majini hana haja nao, kwa kuwa maji humbeba. Akitoka, uzito wake wote humwangukia kwa mara moja. Pweza mdogo huweza kujikokota, ila mwenye kiwiliwili cha nguruwe angelala juu ya mwamba kama kanga iliyolowa. Pumzi yake iko katika matamvua, ambayo yakikosa maji hushikamana kama nywele zilizolowa, yasifanye kazi tena. Ana mioyo mitatu, miwili ya kusukuma damu kwenye matamvua na mmoja wa kuisambaza mwilini, na damu yenyewe ni ya buluu kwa sababu inabeba hewa kwa shaba badala ya chuma. Ni mtambo wa ajabu, lakini mwepesi wa kuchoka. Na pweza, ngisi na jamaa zao wote hawakuwahi kuhamia hata mtoni. Hakuna pweza wa maji baridi duniani. Mnyama aliyeshindwa kuvuka mlango wa mto, Wells anamvusha bahari na ufuko kwa siku moja.

Shangazi hakunieleza habari za shaba wala za mioyo mitatu. Alinieleza habari za mwendo. Maji yakipwa sana, alisema, pweza huweza kuonekana akitoka kidimbwi hiki akaingia kile, akipita juu ya jiwe tupu kwa kitambo kidogo, na hapo huwa na haraka kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Hata siku moja hajamwona akielekea upande wa minazi. Na anapochomolewa shimoni akatupwa mchangani, kwanza hupigana, kisha hulegea, kisha rangi humtoka. "Rangi ikishamtoka," akasema, "hata mtoto humbeba." Kuna pweza wadogo wa mwambao wa Australia ambao wataalamu wamewaandika kwa tabia hiyohiyo ya kutoka dimbwi hadi dimbwi wakiwinda kaa maji yanapokupwa. Nilipomwambia habari hizo, shangazi aliuliza tu kama wanalika.

Lazima hapa nimtetee Wells kidogo, maana shangazi alimdhulumu, na dhuluma hiyo ilitokana na tafsiri yangu. Nilipoirudia hadithi nikaona kwamba viumbe wake hawatoki kabisa katika eneo la maji. Wako juu ya mwamba wenye mwani na vidimbwi, na Fison akishaupanda ukuta wa genge wao hawamfuati juu. Kisha vitisho vikubwa vya hadithi vinatokea baharini, pale mashua inapozungukwa, minyiri ikashika ukingo, na mmoja wa mabaharia akavutwa. Mwanafunzi wa Huxley aliujua mpaka. Mimi ndiye niliyeufuta, kwa kutumia neno "ufukoni" kila mahali, wakati Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kila hatua kutoka kilindini hadi kwenye mchanga mkavu. Hata hivyo pengo la uzito linabaki palepale. Wells aliihesabu pumzi akasahau uzito.

Na nadhani alijua. Mwaka 1897, miezi michache tu baadaye, alianza kuitoa The War of the Worlds katika jarida, ikawa kitabu mwaka 1898. Watu wa sayari ya Mars wanaotoka katika chombo chao huko Uingereza ni jamaa wa karibu wa wale wa Sidmouth: minyiri ileile, macho yaleyale makubwa, ngozi ileile inayometa kama iliyolowa. Tofauti ni kwamba safari hii analipa kodi yote. Anatuonyesha kiumbe wa kwanza akitoka kwa taabu, akihema katika hewa isiyo yake, akilemewa na uzito ambao kwao haukuwapo. Hawezi kutembea, na ndiyo maana anajenga mashine zenye miguu mitatu zimbebe. Na mwishowe anakufa kwa vijidudu ambavyo mwili wake haukuwahi kukutana navyo, yaani anakufa kwa deni dogo kabisa ambalo hakulijua kuwa analo. Wasomaji wamekitukuza kitabu hicho kwa vita na moto wake. Mimi naona ubora wake uko katika ile kurasa moja ya kuhema. Kiumbe anayelemewa ni wa kuogofya kuliko anayetambaa kwa wepesi, kwa sababu unajua kwamba aliyekubali taabu kiasi hicho amekuja kwa haja kubwa.

Tangu hapo nimekuwa nikizipima hadithi zote za namna hii kwa mizani ya shangazi, na nyingi hazifiki. Mwandishi humwotesha mnyama wake miguu, akampa meno zaidi, akadhani kazi imekwisha. Wa kutajwa kwa heshima ni Dougal Dixon, Mskochi aliyejitolea maisha kubuni wanyama wasiokuwapo kwa nidhamu ya mtaalamu wa visukuku. Katika The Future Is Wild, mfululizo wa televisheni wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ambao yeye na John Adams waliuandikia kitabu, kuna wawindaji wawili wa jamii hii. Wa kwanza anaishi katika kinamasi cha Bengali miaka milioni 100 ijayo. Ni pweza wa nusu kwa nusu: huweza kukaa nje ya maji kwa siku chache, baadhi ya mikono yake imekuwa bapa ili kumkokota juu ya tope, na watoto wake huwalea katika maji yaliyotuama ndani ya mmea. Huyu nimemkubali. Anaburuta. Yuko kwenye tope, ambalo ni baina ya mawili. Na lile la malezi limenigusa zaidi ya mwendo wake, kwa sababu pweza tunayemjua sisi huishi mwaka mmoja na kidogo, na jike hufa mayai yakishaanguliwa, asimfundishe mtoto neno. Kabla ya miguu, mwandishi alimpa pweza umama. Nimestaajabu kwamba jambo hili limetoka kwa mtu wa mifupa wala si kwa mshairi.

Wa pili yuko miaka milioni 200 mbele, na ni ngisi wa msituni mwenye uzito kama wa tembo, akitembea kwa miguu minane kama nguzo. Waandishi wamejitahidi kutueleza jinsi misuli inavyoweza kushika kazi ya mfupa. Nimesoma maelezo, nimeyafahamu, na bado siamini, kama ambavyo mtu huelezwa vizuri deni la mwenziwe asikubali kulidhamini. Kodi imelipwa kwenye karatasi tu. Mnyama mwenyewe haonekani kuwa na kumbukumbu yoyote ya bahari. Haitamani, haiogopi, hairudii. Ukimwita kifaru hakuna kitakachobadilika.

Na kumbukumbu ya bahari ndiyo kiini cha jambo, kama alivyonifundisha mnyama wa kweli. Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, wapo kaa wanaoitwa kaa mnazi. Ni kaa wakubwa kuliko wote waendao nchi kavu. Mzima hufikia kilo 4, hutoka usiku, hupanda miti, na hula karibu chochote. Huko Chagos amewahi kuonekana akimuua ndege mkubwa wa baharini. Huyu basi ndiye mwindaji wa pwani aliyehamia nchi kavu kikwelikweli, bila ya msaada wa mwandishi. Angalieni alivyolipa. Huzaliwa baharini, akaelea wiki kadhaa akiwa mdogo kama punje. Kisha hushuka chini, akatafuta kombe tupu la konokono, akalivaa kama mtoto anayevaa viatu vya kakaye, akatoka nalo ufukoni. Akikua hulivua, ngozi yake ikakomaa. Viungo vyake vya kuvutia pumzi vimekuwa kitu kama mapafu, ila lazima viwe na unyevu daima, hivyo mchana hujificha shimoni asikauke. Na akishakuwa mtu mzima, ukimtosa baharini, hufa maji. Bahari iliyomzaa sasa inamzamisha. Lakini jike, msimu wa kuzaa ukifika, hana budi kushuka mpaka kwenye ukingo wa mawimbi kuyaachia mayai yake, akisimama pale pembeni, hatua chache kutoka kwenye kifo chake, kwa sababu watoto hawawezi kuanza maisha penginepo.

Nilimwona mara moja, usiku, kwa taa. Alikuwa juu ya kisiki akinitazama, nami nilikuwa na viatu vya ngozi visivyofaa kwa mawe ya kisiwa, hivyo tulikuwa sawasawa, kila mmoja mahali pasipo pake. Dixon huyohuyo, katika The New Dinosaurs ya mwaka 1988, alimbuni mnyama wa baharini mwenye gamba, wa ukoo wa pweza, anayepanda minazi kula madafu. Ni mchezo mzuri wa akili, na picha yake inachekesha. Lakini nikimweka kando ya kaa wa Chumbe, aliyebuniwa anaonekana kama mtalii na wa kweli kama mhamiaji. Mtalii haachi kitu nyuma.

Msomaji atauliza: je, sisi? Fasihi ya mwambao huu, inayoishi baharini kwa mdomo mmoja na nchi kavu kwa mwingine, haikumbuni mwindaji wa namna hii? Ilimbuni, na ninadai kwamba ilimbuni kwa werevu kuliko wote niliowataja. Nina maana ya papa katika ngano ya Kima na Papa, ambayo Edward Steere aliichapa mwaka 1870 katika Swahili Tales kama alivyoisikia Unguja. Kima yuko juu ya mkuyu ulioinamia maji, akimrushia papa matunda. Urafiki unakua. Siku moja papa anamwalika kwao, na katikati ya safari anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima.

Hadithi hii ina safari ndefu. Katika Panchatantra ya Wahindi mwindaji ni mamba. Katika Kalila wa Dimna ya Waarabu ni kasa. Tazama wanyama hao wawili: wote wana miguu, wote hutoka majini wakaota jua, wote ni raia wa nchi mbili. Ilipofika kwetu, msimulizi wa mwambao, ambaye hatulijui jina lake, alimwondoa akamweka papa. Kwa nini? Mamba anajulikana Afrika Mashariki kuliko anavyotaka mtu yeyote, na kasa hutaga katika fukwe zetu. Wangefaa wote wawili. Lakini msimulizi alimchagua mnyama asiyeweza kukanyaga nchi kavu hata kidogo, na kwa kufanya hivyo aliukaza mpaka mpaka ukawa hauvukiki kwa mwili. Papa huyu hakuota miguu. Aliota ulimi. Kile ambacho Dixon alikitafuta kwa misuli na Wells kwa njaa, yeye alikipata kwa maneno ya ukarimu, na silaha aliyoitumia kumtoa mtu wa nchi kavu kwake ndiyo silaha kubwa ya watu wa nchi kavu. Huko ndiko kulizoea nchi kavu kwa ukamilifu: kuijua adabu yake kiasi cha kuweza kuitumia kwa uovu.

Kodi je? Ameilipa. Kwa muda wote wa urafiki ule papa amekula matunda ya mkuyu, chakula kisicho chake, na amejifunza kuyapenda. Na anapoifichua siri ya moyo kabla ya kufika, ni kwa sababu ameshakuwa rafiki nusu. Adabu aliyojifunza imemshika yeye mwenyewe. Kima anamjibu kwamba wao wakisafiri huiacha mioyo yao mitini, na papa, aliyejua mengi ya nchi kavu, hilo hakulijua. Anamrudisha. Mwindaji ameshindwa kwa kufahamu nusu tu ya lugha aliyojifunza, jambo ambalo mfasiri hawezi kulisoma bila ya kujikuna shingo.

Baada ya kuyawaza haya nilirudi kwenye daftari. Mwaka 2011 nilikuwa nimemwita kiumbe wa Wells "zimwi la bahari" kila alipotokea. Lilikuwa kosa. Zimwi katika ngano zetu lina mkataba na msikilizaji: ni zito wa akili, hudanganyika, na mtoto mwerevu hulishinda kabla ya hadithi kwisha. Jini naye husemezeka. Unaweza kumpa sadaka, kumuuliza jina, kumwomba muda. Fison hana mkataba wowote na wale walio mbele yake. Anapiga kelele na haisaidii kitu. Neno "zimwi" lilikuwa likimwahidi msomaji wa Kiswahili wokovu ambao Wells hakuuweka. Nimelifuta, nimeandika "pweza", neno la kila siku la sokoni na la supu ya Forodhani. Shangazi alipolisikia hakucheka. Alisema pweza mwenyewe anafahamu maana ya kula: ukitaka kulijua shimo lake, tazama magamba ya kaa yaliyorundikana mlangoni. Anayatupa nje baada ya karamu, na magamba hayo ndiyo yanayomwonyesha mchokoaji njia. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, akasema, akaendelea na ukili wake. Nimerudi pia kwenye kila "ufukoni", na sasa Fison anakimbia kutoka mwambani, akapita kwenye mwani, akapita kwenye mchanga mbichi, mpaka mchanga mkavu chini ya genge. Hadithi imerefuka kwa mistari kumi na mitatu, na kwa mara ya kwanza inatisha, kwa sababu msomaji anajua ni hatua ngapi zimebaki kabla ya kodi kuanza kutozwa.

Ile sentensi ya meli ilibaki. Nilifikiri kuiruka; hadithi haitaanguka bila yake, ni dhana moja kati ya dhana za msimulizi. Wahariri wawili niliowaonyesha walisema niiruke. Lakini sina haki ya kumpunguza mtu aliyekufa mwaka 1946 kwa sababu ya msiba wa 2011, na pia nimeanza kuona kwamba pale ndipo Wells anapojibu swali ambalo hadithi nyingine hazijibu, yaani nani alikwenda kwa nani kwanza. Pweza wake hawakutufuata nchi kavu kwa tamaa yao. Sisi ndio tuliowashukia, usiku, tukiwa ndani ya chombo kilichotushinda.

Nilimsomea shangazi sentensi hiyo mwisho kabisa, baada ya kumwambia ina nini ndani yake na kumuuliza kama niisome. Alisema nisome. Nilipomaliza alikaa kimya, kisha akaniomba niisome tena, polepole, na mara ya pili akanirekebisha kitenzi kimoja: nilikuwa nimeandika kwamba meli "ilizama" katikati yao, naye akasema niandike "iliwazamia". Nimeandika hivyo. Iko ukurasa wa tisa wa daftari, na kwa sasa nimeiandika kwa kalamu ya risasi.